Safu ya Katikati

"Chongo, Chongo, hapa bandari. Chongo, unanisikia?"

Karani aliachia kitufe cha redio, akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Utaratibu wa bandari ulisema meli isiyojibu ipewe nusu dakika, kisha iitwe inayofuata. Hakuna utaratibu uliosema karani azibe sikio moja kwa kiganja na kulibandika la pili kwenye spika, kama mtu anayemsikiliza mtoto tumboni. Huo aliutunga mwenyewe.

Alifika thelathini. Spika ilikoroma kidogo, kama kawaida yake, ikanyamaza.

Akaita meli ya mbolea, ambayo ilikuwa imetia nanga nje ya bandari kwa siku ya sita. Hiyo ilijibu kabla hajamaliza jina. Nahodha wake aliuliza swali lile lile la jana na juzi: gati la pili lina nini? Kwa darubini yake analiona tupu, limefagiliwa, halina hata ndege. Karani akamjibu kwamba gati la pili limeshikwa. Nahodha akauliza limeshikwa na nani. Karani akamtakia asubuhi njema.

Kisha akasimama, akachukua chaki, akaenda ubaoni.

Ubao ulijaza ukuta mzima ulioelekea dirisha, makusudi, ili mtu yeyote aliye nje auone bila kuingia na matope yake. Ulikuwa na safu tatu. Inatarajiwa. Imefika. Imeondoka. Meli zote, ziwe za dhahabu au za chumvi, zilipita humo kutoka kushoto kwenda kulia, kama watoto wanavyopanda madarasa. Safu ya nne haikuwepo. Aliyeuchora ubao ule, popote alipo, hakuwaza kwamba meli inaweza kuandikishwa darasa la kwanza isionekane tena la pili.

Kwenye safu ya kwanza, mbele ya jina la Chongo, karani alifuta tarehe ya leo akaandika ya kesho. Ilikuwa asubuhi ya mia moja arobaini na tatu.

Chongo halikuwa jina la meli, ila lilikuwa jina lake. Lile rasmi lilikuwa refu, la kigeni, na nusu yake ilishaliwa na kutu. Taa yake moja ya mbele ilikufa zamani na mwenye meli hakuona haja ya kuifufua, basi wapagazi wakaibatiza hivyo, na hata meneja katika barua zake za heshima aliandika Chongo. Ilikuwa meli ndogo ya mbao na magunia. Ilikuja kila baada ya siku tisa, ikafunga gati la pili, ikapakua, ikapakia, ikaenda zake. Mabaharia tisa. Wa tisa, kwa cheo, alikuwa mpishi, na mpishi alikuwa mume wa karani.

Katika meli ile chumba cha redio na jiko vilitenganishwa na ubao mmoja mwembamba. Kwa hiyo nahodha wake alipokuwa akipiga ripoti kutoka nje ya bandari, nyuma ya sauti yake vitunguu vilisikika vikitumbukia kwenye mafuta, mfuniko ukianguka, kisha mwiko ukigonga sufuria: ngo, ngo, ngo. Hizo tatu hazikuwa za mapishi. Nahodha alikuwa akikohoa kwa aibu na kuendelea na ripoti ya mzigo. Bandari nzima yenye redio, kuanzia rubani anayeziongoza meli kuingia mpaka dereva wa winchi aliyeketi juu na vyuma vyake, ilijua mpishi amemsalimu mkewe. Siku hiyo karani hakuulizwa kitu bila kwanza kugongewa meza mara tatu. Alikuwa akiwatishia kuwapeleka kwa meneja, na meneja mwenyewe ndiye aliyekuwa akigonga kwa nguvu zaidi.

Halafu ikaja safari moja ambayo Chongo iliondoka bandari ya jirani na haikufika hii.

Walitafuta. Waliona magunia yakielea na mfuniko mmoja wa shimo la shehena. Wakala wa meli alifunga ofisi, akahama hata na kiti cha wageni. Simu ya mwenye meli iliita mpaka ikachoka. Barua moja ilitoka mahali fulani ikisema meli hiyo haijulikani iliko, jambo ambalo bandari ilikuwa inalijua bila barua. Na utaratibu ulikuwa wazi: meli hutoka kwenye safu ya kwanza kwa kufika, au kwa wakala wake kuandika kwamba haiji. Wakala hakuandika. Meli haikufika. Karani akasogeza tarehe siku moja.

Kusogeza tarehe si dhambi. Meli huchelewa kuliko mafundi cherehani. Tatizo la siku moja ni kwamba huzaa nyingine.

Na meli inayotarajiwa hutengewa gati. Kwa hiyo gati la pili likakaa. Wapagazi walilifagia kila asubuhi, kwa kuwa gati lenye mgeni njiani hufagiliwa. Rubani alipolipita na boti yake alipunguza mwendo, kama unavyopunguza hatua mbele ya chumba cha mgonjwa. Matairi makuukuu yaliyoning'inizwa ukutani ili meli zisijikwaruze yalikuwa yakilia alfajiri, ule mlio mzito wa mpira unaobanwa, wakati hakuna kilichoyabana. Dereva wa winchi, mtu asiyeamini chochote duniani isipokuwa grisi, alikuwa akiiacha shingo ya winchi yake ikitazama ghala, na asubuhi anaikuta imeelekea gati la pili. Alisema ni upepo. Alilisema mara nyingi mno kwa mtu anayeuamini upepo.

Nyumbani, kabla karani hajavua viatu, mama mkwe wake alikuwa akiuliza neno moja tu.

"Ipo?"

"Ipo, mama."

Basi. Baada ya hapo taa inawashwa, chakula kinapakuliwa, dunia inaendelea kuzunguka. Ndugu walikuja mara mbili, wamekunja nyuso, kupendekeza kwa upole kwamba sasa ukaliwe msiba. Mama mkwe aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawauliza wanataka kukaa msiba wa mtu ambaye yuko ubaoni? Wakaaga, kwa sababu waliupita ubao wakati wa kuja na walikuwa wameusoma. Yule mama aliendelea kulipiga pasi shati la mwanawe kila wiki. Shati lilichakaa kwa pasi, mgongo wa mtu haujaligusa.

Saa mbili kasoro meneja aliingia akiwa na kitambaa kilicholowa.

Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo, na asubuhi hiyo sauti ilikuwa imepungua zaidi. Hakukaa. Alimweleza karani mambo ambayo karani alimfundisha yeye alipokuwa mgeni: kwamba leo ni bamvua, maji yatajaa kupita kiasi saa nne na dakika arobaini, na kwamba meli ya mbolea imezama sana kwa uzito, haiwezi kupita mlangoni mwa bandari siku nyingine isipokuwa ya bamvua. Kesho maji yataanza kupungua. Gati la kwanza lina meli ya saruji hadi mwisho wa wiki. Mvua zimeshaanza bara, watu wana mashamba yaliyolimwa na hawana cha kutia. Nahodha amesema akikosa leo anang'oa nanga, anakwenda bandari nyingine, na manahodha wana midomo: akienda huyo hawatarudi wengine. Meli ile inahitaji saa nzima kujiandaa. Gati liwe wazi ifikapo saa tatu.

"Dada yangu," alimaliza, "naomba uifute."

Karani aliangalia kitambaa, hakukipokea.

Meneja angeweza kufuta mwenyewe, ungedhani. Ubao ni wa bandari na bandari ni yake. Lakini pale palikuwa na desturi ya kazi iliyomkuta hata yeye: mkono ulioandika ndio unaofuta. Zamani mtu alifuta meli ya mwenzake bila kumwambia, meli mbili zikaelekezwa gati moja, na mpaka leo ukuta wa gati la kwanza una kovu. Tangu hapo hakuna anayegusa mwandiko wa mwingine. Meneja alisogea ubaoni na kitambaa chake. Akakiinua. Kilisimama shubiri moja kutoka kwenye jina, kikidondosha maji juu ya kiatu chake. Halafu akakumbuka kuna simu anatakiwa kupiga. Alikuwa na kipaji cha kukumbuka simu.

Rubani alikuwa mlangoni akisubiri amri za siku. Meneja alimnyooshea kitambaa wakati anatoka. Rubani, ambaye ameingiza meli kwenye ukungu na kwenye dhoruba, aliweka mikono nyuma kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Ndipo akaja nyapara wa wapagazi. Alivua kofia yake ngumu nje kabisa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, na watu wengine walikuwa wakibishana kama chini yake kuna nywele. Hazikuwepo. Alikuwa rafiki wa mpishi tangu utoto. Walikuwa wakiibiana mpaka soksi.

Wapagazi wake arobaini walikuwa na siku sita wamekaa juu ya mbao nyuma ya ghala. Mpagazi halipwi kwa kukaa. Hakuna hata mmoja aliyekuja kumlalamikia karani. Walikuwa wakimsalimia kila asubuhi, wakamwuliza hali ya mama, wakarudi kukaa. Hayo yote nyapara hakuyasema. Aliizungusha kofia mikononi, akasema jambo jingine.

"Shemeji, vijana wangu wamelifagia lile gati siku zote hizi. Leo mmoja kaniuliza, wanafagia gati au kaburi. Nimekosa la kumjibu."

Redio ilikoroma. Karani alisogea dirishani. Nje, mama chai wa getini alikuwa ameteleka birika yake na kupanga vikombe vyake vinne, akitazama ubao kupitia kioo, kama kila siku. Ndiyo yalikuwa magazeti yake.

"Siwezi kuifuta," karani alisema bila kugeuka. "Nikiifuta, jioni mama ataniuliza. Nitamwambia imekwenda wapi? Haikufika. Haikuondoka. Niseme nimeifuta kwa kitambaa?"

 Rubani alitazama viatu vyake, navyo havikuwa na la kusema.

"Nani kasema ufute?" nyapara alisema hatimaye, polepole, kama anayekagua gunia kabla ya kulibeba. "Meli haifutwi. Meli inafika, halafu inaondoka. Basi ifike."

Meneja, ambaye simu yake ilikuwa imeisha haraka sana, alisema kutoka mlangoni kwamba jambo hilo haliwezekani. Kuna fomu. Fomu inauliza saa, shehena, idadi ya watu.  Kisha akasema fomu ziko kwenye droo ya pili.

Rubani alikuwa ameshatoka. Hakuna meli inayoingia bandari ile bila yeye, akawaambia akiwa ngazini, kwa hiyo acha akaifuate.

Kutoka dirishani karani aliiona boti yake ikitoka mpaka mlangoni mwa bandari, mpaka kwenye boya la mwisho. Pale ilisimama, ikizunguka kidogo na mawimbi. Ilipogeuka kurudi ilikuja taratibu, taratibu sana, mwendo wa boti inayotangulia kitu kizito na kuhofia kukiacha nyuma. Meli ya saruji ilizima pampu zake. Dereva wa winchi akazima injini, akateremka ngazi zote, akasimama chini akijifuta mikono iliyokuwa safi.

Wapagazi walijipanga wawili wawili kwenye nguzo za chuma za gati la pili. Mikono yao ilikuwa mitupu. Kamba za kufungia huja na meli yenyewe, na wao walijua hivyo, kwa hiyo walisimama tu, viganja wazi, wanasubiri. Nyapara alikuwa amevaa tena kofia. Kwa kawaida matusi yake yalisikika mpaka sokoni. Safari hii alionyesha kwa kidole: mbele, nyuma, pale.

Boti ya rubani ililipita gati, ikasogea kando, kama inayompisha mtu.

Matairi yakaanza kulia. Lilianza la kwanza, upande wa baharini, mlio mzito ukatambaa kutoka tairi hadi tairi mpaka la mwisho, ukakoma. Maji yalikuwa yakijaa, na maji yakijaa matairi hulia; kila mtu pale angeweza kukueleza hivyo. Hakuna aliyeeleza.

Karani alibonyeza kitufe.

"Chongo, hapa bandari. Mmefika gati la pili, saa mbili na dakika hamsini. Karibuni."

Meneja alijaza fomu kwa mwandiko wake mdogo. Shehena, akauliza. Mbao na magunia, akajibiwa. Idadi ya watu. Tisa. Aliandika tisa, akaikoleza mara mbili. Karani alichukua chaki akaliandika jina la Chongo kwenye safu ya katikati. Alirudi redioni.

"Chongo," akasema, "mwambieni mpishi mama yake hajambo. Mwambieni na mimi..."

Kidole kiliteleza kutoka kwenye kitufe. Sentensi ile ilimalizikia chumbani, na meneja, aliyekuwa peke yake na karani mle ndani, hakuwahi kumwambia mtu ilimalizika vipi.

Spika ikasema tiki.

Ule ni mlio wa mtu, mahali fulani, aliyebonyeza kitufe cha redio yake. Kila mwanabandari anaujua. Ukifuatwa na sauti, ni ripoti. Huu haukufuatwa na sauti. Ulifuatwa na uwazi, mvumo wa chumba kilichofunguliwa ambamo hakuna anayesema, na ukakaa hivyo. Karani alibandika sikio kwenye spika. Angeweza kuuliza nani huyo. Ingekuwa meli ya mbolea, pengine, au baharia wa saruji aliyeegemea redio kwa kiwiko. Hakuuliza. Tiki, ikafungwa. Baadaye rubani aliapa kwamba hakuwa yeye, kabla hajaulizwa.

Saa tatu na dakika tano karani aliandika Chongo kwenye safu ya tatu. Kule gatini nyapara alishusha mkono, na wapagazi wakarudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye nguzo, kama wanavyofanya kamba inapofunguliwa ili isiwachape. Karani akalifuta jina la kushoto. Akalifuta la katikati. Alifuta kwa kiganja, kitambaa cha meneja kilikuwa bado juu ya kiti. Kisha akaiita meli ya mbolea na kuiambia gati la pili liko wazi, na nahodha yule mwenye maneno mengi alisema asante tu.

Meneja alikuwa akitabasamu, mtu wa kwanza kutabasamu siku hiyo, karani alipotazama nje na kuona birika ya mama chai ikimwaga povu juu ya moto. Hakuna aliyekuwa karibu. Vikombe vinne, kiti, birika, na moto unaowaka peke yake. Yule mwanamke hakuwahi kuiacha birika yake. Ghala lilipowaka moto alihama nayo ikiwa imejaa.

Karani aliutazama ubao kwa macho ya mtu wa nje, na ndipo alipoelewa. Kwa dakika kumi na tano dirisha lile lilikuwa limesema Chongo, Imefika. Mama chai alikuwa amesoma safu ya katikati. Hakuisubiri ya tatu.

Akakaa. Akasimama. Hakuweza kuondoka, meli ilikuwa imeshang'oa nanga na redio ilikuwa mikononi mwake: boya la kwanza, boya la pili, kina, mwendo, rubani amepanda. Aliyasema yote sawasawa. Kila alipoachia kitufe alitazama geti. Alijaribu kujiambia kwamba mama chai alikwenda kununua sukari.

Saa nne na dakika kumi mama mkwe aliingia.

Mlinzi, ambaye humdai kitambulisho hata meneja, alisogea pembeni. Mama mkwe alipita mbele ya dirisha bila kugeuza shingo, amevaa kandambili za karani, kubwa kwake, zikimpiga visigino. Nyuma yake mama chai alikuwa akihema na kucheka na kujifuta machozi, kisha akaona ubao, na kicheko kikamkatikia usoni kama taa. Mama mkwe hakuona. Alikuwa anaelekea gati la pili moja kwa moja. Hakuwahi kufika bandarini tangu mambo yale yaanze, lakini mguu wake ulijua njia.

Karani alimpa meneja redio. Meneja akaipokea bila kukumbuka simu yoyote.

Karani alimkuta mama mkwe ukingoni, akitazama maji. Yalikuwa yamejaa mpaka karibu na ukingo, mazito, ya rangi ya majani, yakipanda na kushuka kama kifua. Wapagazi walikuwa wamerudi kwenye nguzo zao kuisubiri meli ya mbolea, na sasa kila mmoja alikuwa amepata kitu cha kutazama kilicho mbali.

"Wako wapi?" mama mkwe aliuliza.

Kwa miezi mitano karani alikuwa amejiandalia maneno, mengine mazuri kabisa. Hata moja halikuja.

"Haikuja, mama. Ni mimi niliyeandika."

"Uliandika imefika."

"Ndiyo."

"Na sasa umeandikaje?"

"Imeondoka."

Mama mkwe alilichukua neno hilo akalishika kwa muda. Uso wake haukubomoka, kama karani alivyoogopa siku zote hizo kwamba ungebomoka. Ulitulia tu, ukawa uso wa mtu anayepiga hesabu.

"Ilikaa kwa muda gani?"

"Dakika kumi na tano."

"Kumi na tano." Alitazama geti alikotokea, kisha gati, kama anayepima kama miguu yake ingewahi. "Zinatosha. Mtu anaweza kumuaga mwanawe kwa dakika kumi na tano. Ulimuaga wewe. Hawa wote wamemuaga. Mbona mimi hukuniita, mwanangu?"

Nyapara alijifanya anakaza utepe wa kofia.  Kila jioni, ipo mama, ipo mama. Karani alidhani alikuwa ameshika mlango ili kitu kisimfikie yule mama. Hakuwa amefikiri kwamba mama mwenyewe angetaka kupita pale. Alinyoosha mkono, na mama mkwe hakuushika, wala hakuusukuma. Aliuacha hewani, baina yao.

Meli ya mbolea iliwaingilia wakiwa hivyo. Ilikuwa kubwa, kubwa kuliko meli yoyote iliyofunga pale mwaka ule, ukuta wa kijivu uliokuja bila kishindo na kuziba jua. Baridi yake iliwafika kabla yake. Kivuli kilipanda ukingoni, kikapanda juu ya nguzo, kikawafunika miguu. Mahali pale haparuhusiwi mtu, na nyapara amewahi kumfukuza mkaguzi kwa matusi yaliyomfanya mkaguzi aombe uhamisho. Aliinua mkono kumwondoa mama mkwe. Akaushusha.

Juu kabisa, kwenye omo, pua ya meli, baharia alikuwa akizungusha kamba nyembamba yenye fundo zito mwishoni. Kamba hiyo hutangulia. Ndiyo inayovuta ile nene. Aliizungusha mara tatu, akaiachia. Ilifunguka angani, ndefu, ikapita juu ya vichwa vya wapagazi, ikaanguka sakafuni kwa kishindo kidogo karibu na zile kandambili, na mara ikaanza kuteleza kurudi majini.

Hakuna aliyesogea. Ilikuwa kazi yao, wameifanya mara elfu, na hakuna aliyesogea.

Mama mkwe aliikanyaga. Akainama kwa shida, mkono mmoja gotini, akaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa imelowa, ikimchirizikia kwenye mikono ya nguo. Akavuta. Ilikuja kidogo, ikagoma. Karani alipita nyuma yake, akaishika kamba hapo hapo mikono ya yule mama ilipoishia, na nyuma yake akasikia viatu vizito vya nyapara vikijipanga, na vya mwingine, na vya mwingine.

Kamba ikakazika. Upande wa pili, chini ya kivuli, kitu kizito kikaanza kuja.